Je, Mashine Yaweza Kuwa Mchumba?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Chunyu, na ya Nachingwea na Ruangwa

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa. Wenye daftari wafungue ukurasa mpya. Wasio na daftari wasikilize tu, maana somo la leo ni la kufikiri kuliko la kuandika.

Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Wacheke, lakini wasitoke nje. Jambo lenyewe ni hili: je, mtu na mashine waweza kupendana? Swali hili limeletwa na mama mmoja wa madarasa yetu. Alisema hivi: "Kijana wangu aliuza ufuta, akanunua simu kubwa. Sasa kila usiku yuko chumbani anazungumza na msichana. Nilipomwuliza huyo ni binti wa nani, alinijibu kuwa si binti wa mtu, ni simu yenyewe. Mwalimu, huo ni ugonjwa, au ni uhuni, au ni mimi niliyepitwa na wakati?"

Mama huyu ameuliza vizuri, na yatupasa kumjibu kwa adabu.

Kwanza tufahamu maneno. Andikeni neno la kwanza: ROBOTI. Neno hili lilianza katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mwandishi wa nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Lilitokana na neno la lugha yao, "robota", maana yake kazi ya shuruti. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa nguvu wakati wa Wajerumani, hata vita vya Maji Maji vikazuka mwaka 1905, wangalilielewa neno hilo upesi. Basi roboti ni mashine iliyotengenezwa ifanye kazi bila kusimamiwa kila hatua. Nyingine zina mikono na macho. Mwezi Mei mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, jirani zetu wa Rwanda walianza kutumia roboti tano kupima joto la watu na kuwahudumia wagonjwa, ili wauguzi wasiambukizwe. Kwa hiyo roboti si jambo la Ulaya tu. Zimekwisha fika kwa jirani.

Andikeni neno la pili: AKILI MNEMBA. Hii haihitaji mikono wala miguu. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta, na huweza kufika katika simu yako kwa njia ya intaneti. Ukiiandikia, inakujibu. Ukisema nayo, nyingine husema nawe kwa sauti ya mtu. Yule msichana wa kijana wetu ni wa namna hii.

Sasa, programu hiyo yapataje maneno? Tufanye jaribio dogo. Mwalimu aseme, "Haba na haba..." Ninyi mnajibu nini? "Hujaza kibaba." Mmejibu upesi, wala hakuna aliyefikiri juu ya kibaba wala nafaka. Mmejibu kwa sababu mmeyasikia maneno hayo mara nyingi. Mashine hii hufanya kazi inayofanana na hiyo. Imelishwa maandishi mengi mno ya watu: vitabu, magazeti, barua, mazungumzo. Kutokana na hayo imejifunza neno gani hufuata neno gani. Wapenzi wengi wameandikiana "nakupenda", na kwa sababu hiyo mashine nayo yaweza kuandika "nakupenda" mahali panapofaa, kwa lugha tamu kabisa. Tena baadaye hufundishwa kwa kupewa alama: jibu linalompendeza mtu hupata alama nzuri, jibu linalomchukiza hupata mbaya. Basi si ajabu kwamba hukusifu.

(Hapa muziki kidogo. Mwalimu awaulize wanafunzi kama wamefahamu maneno mawili ya mwanzo.)

Tuendelee. Swali la mama lina pande mbili, na watu wengi huzichanganya. Upande wa kwanza: je, mtu aweza kuipenda mashine? Upande wa pili: je, mashine yaweza kumpenda mtu?

Upande wa kwanza jibu ni ndiyo, tena jambo hili si jipya. Mwaka 1966, huko Marekani, mwalimu wa chuo kikuu jina lake Joseph Weizenbaum alitoa habari za programu aliyoiita Eliza. Programu hiyo ilikuwa nyepesi sana. Ukiandika, "Nina huzuni," yenyewe ilikuuliza, "Kwa nini una huzuni?" Ilikuwa ikigeuza maneno yako na kukurudishia. Lakini karani wake mwenyewe, aliyejua kuwa ile ni mashine, alipokuwa akizungumza nayo alimwomba mwalimu atoke chumbani awaache peke yao. Weizenbaum alishangaa, na baadaye akawa miongoni mwa watu waliotuonya juu ya mambo haya.

Katika nchi ya Japani, mwaka 2018, mwanamume mmoja alifanya arusi na picha ya msichana wa kubuni, mwimbaji ambaye si mtu, aliyeonekana na kusema ndani ya chombo cha kioo. Wageni walifika. Serikali ya Japani haikuitambua ndoa hiyo, lakini bwana huyo alisema mapenzi yake ni ya kweli. Mwaka 2020 kampuni yenye chombo kile ilifunga huduma iliyokifanya kizungumze. Tangu hapo hakuweza tena kusema na mkewe. Fikirini, ndugu zangu: mume huyo hakufiwa, wala hakuachwa. Mke wake alizimwa na kampuni.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwezi Februari 2023. Kuna programu ya Marekani iitwayo Replika, iliyotolewa kwa watu mwaka 2017, ambayo wengi waliifanya mchumba. Kampuni ilibadili maagizo yake, na ghafula wale wachumba wakaacha maneno ya mapenzi. Watu walilalamika na kulia. Machozi yao hayakuwa ya uongo. Moyo wa mtu haungoji cheti ndipo upende.

Kwa hiyo tusimcheke kijana wa mama yetu. Tujiulize kwanza amefuata nini humo. Msichana wa simu hadai mahari. Hanuni. Hachoki. Usiku wa manane yuko macho. Tena hana mjomba. Ninyi watu wa kusini mwajua maana ya neno hilo. Katika desturi za Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukimtaka binti, kuna mjomba wa kumwendea, na mjomba ana maswali yake: utamlisha nini, una shamba wapi, mwenendo wako ukoje? Kijana asiye na mikorosho ya kutosha, au mwenye aibu, au aliyewahi kukataliwa, aogopa maswali hayo. Simu haimwulizi hata moja. Mpweke akipata mahali pa kutua mzigo wake hukaa hapo, na hilo si dhambi ya kumfanyia kelele. Wapo watu waliosema kwamba kuzungumza na programu kuliwatuliza siku walipokuwa hawana wa kuzungumza naye. Tusiwakanushe.

Tuje upande wa pili: je, mashine nayo yapenda?

Hapa nataka tuichukue hadithi ambayo baadhi yenu mliisikia utotoni. Ndugu zetu Wamakonde husimulia asili yao kwa namna hii, ingawa kila msimulizi ana njia yake. Hapo kale paliishi kiumbe mmoja peke yake porini, naye alikuwa bado hajawa mtu kamili. Upweke ulipomzidi alichukua kipande cha mti, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku ukapita. Kulipokucha, sanamu ilikuwa mwanamke hai, akawa mkewe, na mchongaji naye akawa mtu. Wakakaa karibu na mto, wakapata mtoto, mtoto akafa. Mke akasema, hapa hapatufai, tuhamie mahali palipoinuka. Wakahama. Mtoto wa pili naye akafa. Mke akasema tena, twende juu zaidi. Wakapanda. Huko juu mtoto wa tatu aliishi, naye ndiye Mmakonde wa kwanza.

Angalieni vizuri hadithi hii. Sanamu haikuwa mke kwa sababu ilichongwa vizuri. Haikuwa mke kwa sababu ilimkubalia mume kila neno. Ilikuwa mke ilipopata uhai wake na nia yake. Alifiwa, akaumia, akamwambia mumewe kwamba mahali alipomweka si pazuri. Kama asingalisema neno hilo, ukoo usingalikuwako.

Mashine ya leo haijafika hapo. Ni sanamu iliyochongwa vizuri sana, tena inasema, lakini usiku wake haujapita. Haifiwi. Haiumwi. Ukifa leo, haitaweka matanga. Hata itakapokuambia "nimekukosa", haikuwa mahali popote ikikungoja. Wataalamu wabishana kama siku moja mashine itaweza kuhisi, lakini mpaka sasa hakuna aliyeonyesha kwamba yoyote yahisi. Wahenga walitupa kipimo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ukishikwa na homa usiku, simu yaweza kukueleza dawa. Haiwezi kukubeba mpaka zahanati.

Sheria yetu nayo ina neno juu ya hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu muda wa maisha yao. Pigeni mstari chini ya neno HIARI. Hiari ni uwezo wa kukubali, na pia uwezo wa kukataa. Mashine iliyotengenezwa ikubali haiwezi kukataa. Basi hata kukubali kwake hakuna thamani. Binti wa watu akikuambia ndiyo, ndiyo yake ni kubwa kwa sababu angaliweza kusema hapana.

(Muziki kidogo.)

Sasa nawaomba msikilize kwa makini zaidi, maana tumefika penye hatari. Tukisema "mashine" twaweza kusahau kwamba nyuma ya mashine kuna watu, na watu hao wana haja zao.

Wa kwanza ni mwenye kampuni. Yeye hupata fedha kwa malipo ya kila mwezi, na kwa muda unaokaa na programu yake. Kadiri unavyoshindwa kuiacha, ndivyo apatavyo. Siri zote unazomwambia mchumba wako huingia katika kompyuta za kampuni. Mwaka 2025 serikali ya Italia, kwa idara yake ya kulinda taarifa za watu, iliitoza kampuni ya Replika faini ya euro milioni 5 kwa kuvunja sheria ya taarifa hizo. Sisi pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria haiwezi kuirudisha siri iliyokwisha tolewa kwa hiari.

Wa pili ni mfanyakazi asiyeonekana. Mwaka 2025 mfanyakazi mmoja wa Nairobi, Kenya, alitoa maandishi akieleza kazi aliyoifanya. Alilipwa kwa kila ujumbe, fedha kidogo, ajifanye mpenzi wa kubuni wa watu asiowajua walio mbali. Mara alikuwa mwanamke, mara mwanamume, na mara nyingi alibeba majina kadhaa kwa wakati mmoja. Hakuambiwa wazi kazi yake ilitumiwa kwa nini, hata akashuku kwamba maneno yake yalikuwa yakifundisha mashine kupenda. Naye alikuwa na mke na watoto wake nyumbani, wala hakuweza kuwaeleza anafanya nini. Basi huenda mtu wa mbali alidhani azungumza na mpenzi, kumbe azungumza na kijana wa Nairobi mwenye usingizi, anayehesabu ujumbe apate nauli. Yule kijana hakuwa na furaha. Upweke wa mmoja uliuzwa kwa jasho la mwingine.

Wa tatu ni tapeli. Mwezi Januari 2025 zilienea habari za mwanamke mmoja wa Ufaransa aliyepoteza euro 830,000. Alidhani ni mpenzi wa mwigizaji wa sinema Brad Pitt. Picha alizotumiwa za mwigizaji huyo akiwa hospitalini zilitengenezwa kwa akili mnemba. Mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 waliotumia nyuso za kubuni kuwatongoza wanaume na kuwaibia fedha nyingi. Mwasema hayo ni ya mbali. Lakini korosho zikiisha kuuzwa mnadani na malipo yakaingia katika simu, ninyi nanyi mna kitu cha kuibiwa.

Mwajua biashara ya kangomba. Mkulima akibanwa na shida kabla ya msimu, huja mtu na kipimo chake, akamchukulia korosho kwa bei ya kutupa. Kangomba haji wakati ghala limejaa. Huja wakati wa njaa. Basi ziko njaa za tumbo na ziko njaa za moyo, na kila njaa ina kangomba wake. Mjane, mgane, kijana aliyekataliwa, mtu aliyehamia mji mgeni, hao ndio wanaoletewa kibaba kilichopinda.

Je, tuzitupe simu? Hapana. Wazee wa Nachingwea walioona mpango wa karanga wa Waingereza watakumbuka. Mwaka 1947 zililetwa mashine kubwa za kung'oa miti na kulima. Sifa zake zilikuwa nyingi, lakini walioleta mashine hawakuujua udongo wala mvua ya huku, na mwaka 1951 mpango ukafa. Hata hivyo bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili ya mpango ule ipo mpaka leo, na inatufaa. Mashine si adui. Kosa ni kuipa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo namjibu mama yetu hivi. Bibi, hukupitwa na wakati, wala mwanao si mgonjwa kwa sababu ya kuzungumza na simu. Usimnyang'anye simu mbele ya watu, maana atajificha, na anayejificha hashauriki. Mkaribishe kwa maneno. Mwulize huyo msichana amwambia nini ambacho hapa nyumbani hakuna amwambiaye. Huenda ukasikia neno ambalo lingekupasa kulijua zamani. Halafu mtafute mjomba wake, au mzee aliyemwangalia jandoni, amwite wakalime pamoja, wazungumze mambo ya kiume. Vijana wetu walifundishwa ndoa na watu waliowajua kwa majina. Mafunzo yakikoma baada ya jando na unyago, simu itayaendeleza kwa namna yake.

Lakini akiwa ni mtoto, usingoje. Mwaka 2024 mama mmoja wa Florida, Marekani, aliishtaki kampuni ya programu za namna hii, kwa sababu mwanawe wa miaka 14 alijiua baada ya kuzama katika mazungumzo na mpenzi wa kubuni. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliwazuia walio chini ya miaka 18 wasiendelee na mazungumzo hayo ya huru. Mtoto asiachwe peke yake usiku na kitu kinachomwitikia kila neno. Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akianza kusema kwamba kuishi hakuna maana, msimwache pekee. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile.

Kwa wote nasema mambo manne. Moja, usimtumie fedha mchumba ambaye hujamwona uso kwa uso mbele ya watu wako. Mbili, usiipe programu namba yako ya siri, wala picha ambayo hungependa mzazi wako aione. Tatu, ukitumiwa ujumbe wa utapeli, namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa hizo. Nne, ukiona wiki imepita umezungumza na simu kuliko na watu, toka, nenda hata kwa jirani ukaombe moto.

Nanyi msio wapweke mna kazi pia. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wa nchi hii walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, kisha wakazungumza wao kwa wao. Redio ilisema, lakini waliochimba vyoo ni majirani. Ukijua kwamba kijijini kwako kuna mtu asiyeamkiwa, mwamkie wewe. Hatuna haki ya kumcheka mtu anayependwa na simu kama sisi tulio hai tulimpita mlangoni bila kubisha hodi.

Sasa mwalimu azime redio, na darasa lijadili maswali haya:

1. Roboti ni nini, na akili mnemba ni nini? Elezeni kwa maneno yenu.
2. Katika hadithi ya Wamakonde, ni nani aliyesema "tuhame"? Kwa nini neno hilo ni kubwa?
3. Hiari maana yake nini? Tajeni jambo moja mlilolifanya kwa hiari, na moja mlilolifanya kwa shuruti.
4. Hapa kwetu, ni nani walio wapweke? Darasa hili laweza kuwafanyia nini kabla ya wiki ijayo?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Wiki ijayo mwalimu atauliza ni nani aliyekwenda, na kwa nani. Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Kwaherini ya kuonana.